Je, Boran Ataishi Mkata?

MASWALI YA WAFUGAJI

Swali: Bwana Mifugo, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Mkata, Handeni. Nina ng'ombe wa kienyeji, zebu, 22: majike 15, ndama watano na maksai wawili wa mkokoteni. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam amenitumia hela ninunue dume la Boran tubadilishe mbegu, maana anasema Boran mmoja ana kilo za zebu wawili. Wazee hapa kijijini wananicheka. Wanasema huyo ni ng'ombe wa Wazungu, atakufa kabla ya masika. Naomba unieleze: hizo kilo ni za kweli? Nitamjuaje Boran nisije nikauziwa kitu kingine? Na ataishi huku kwetu? – *Msomaji, Mkata*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wazee wako wamepatia nusu na wamekosea nusu. Boran si ng'ombe wa Wazungu. Ametoka kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, akashuka na wenyewe hadi kaskazini mwa Kenya, na alikuwa anatembea juani na miibani zamani sana kabla mlowezi hajafika Laikipia. Walichofanya walowezi, kuanzia miaka ya 1920, ni kuchagua. Mwenye mwili mrefu na paja nene alibaki, mwembamba akaenda buchani. Mwaka 1951 wakaunda chama cha kutunza mbegu hiyo. Kwa hiyo Boran na zebu wako ni ndugu, wote wana nundu. Mmoja kapita mikononi mwa mchaguzi mkali, mwenzake kachaguliwa na njaa na kupe.

Ila kwenye hilo la kufa kabla ya masika, wazee wasikilize. Nitalifikia.

Kilo kwanza. Jike la zebu aliyekomaa ana kilo 200 hadi 250 hivi. Jike la Boran aliyelishwa vizuri ana 350 hadi 450, na dume ana 550 hadi 850. Shemeji hajakudanganya, ila kakutajia kilo za ranchi. Ng'ombe anataka kila siku chakula kikavu chenye uzito wa karibu asilimia mbili na nusu ya mwili wake. Zebu wa kilo 250 anataka kilo sita na ushei, Boran wa kilo 400 anataka kilo kumi. Na majani mabichi robo tatu yake ni maji, kwa hiyo hizo kilo kumi ni kama kilo 40 za majani ya kukata kwa panga. Palipowashibisha zebu watatu, Boran wawili wanamaliza na bado wanakutazama. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, wahenga walisema, lakini habari za tumbo hawakuzigusa. Mwache Boran kwenye malisho ya Mkata mwezi Septemba bila nyongeza, utaona mifupa ya nyonga imechomoza. Hapo utakuwa na ng'ombe mwenye kilo za zebu na tumbo la Boran.

Ndiyo maana mimi sikushauri uwaze kujaza zizi Boran watupu. Unachotaka ni ndama wa nusu damu: mama zebu, baba Boran. Huyo anakuzidia kilo bila kukufilisi majani, na miguu ya mama yake inamfikisha lamboni na kumrudisha. Ndama wa Boran huzaliwa wadogo, wastani wa kilo 28 hivi, kwa hiyo majike yako hayatapata taabu ya kuzaa kama mtu anayepandisha zebu kwa madume makubwa ya Ulaya. Hofu ni kupanda kwenyewe. Dume la kilo 700 juu ya mtamba wa kilo 180 atamvunja mgongo, nimewahi kuona. Nunua dume kijana wa miaka miwili au miwili na nusu, akue hapohapo kwako. Mitamba midogo itenge.

Sasa kumjua. Watu wengi wanaangalia rangi, na rangi haikuambii kitu. Yuko Boran mweupe, wa kijivu, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, mwekundu, na wa mabaka. Angalia ngozi iliyo chini ya manyoya. Panua manyoya kwa vidole kwenye ubavu. Inatakiwa iwe nyeusi au ya kijivu iliyokolea, na kope na pua nyeusi. Hiyo ndiyo mwavuli wake wa jua. Manyoya yenyewe ni mafupi, yanalala, yanang'aa. Halafu ikamate ngozi ya ubavuni uivute: itakuja mkononi kama shati la kuazima. Boran ana ngozi legevu anayoweza kuitikisa nzi akitua, na kupe wanapata shida kung'ang'ania. Nenda masikioni. Masikio ya Boran ni ya wastani, yamekaa pembeni, hayaning'inii. Ukiletewa ng'ombe mweupe mkubwa mwenye masikio marefu yanayofika usawa wa taya, huyo ana damu ya Brahman, aina nyingine ya ng'ombe wa nundu, ndani yake, na muuzaji akikuambia ni Boran mwulize vizuri. Pembe ni fupi na nene shinani, na wengine huzaliwa bila pembe kabisa. Nundu ya dume ni kubwa, inakaa juu ya mabega, wakati mwingine inalalia upande. Ya jike ni ndogo.

Hapo umemjua Boran. Kumjua dume la mbegu ni kazi nyingine, na ndiyo inayolipa. Nenda na futi ya fundi cherehani mfukoni, usione haya. Akishabanwa, simama nyuma yake pembeni kidogo asije akakupiga teke, zishushe korodani kwa mkono mmoja, zungushia futi mahali palipo panene kuliko pote. Kwa dume la miaka miwili na nusu mimi siguswi na chochote kilicho chini ya sentimita 30. Ziwe mbili sawasawa, ngumu kama msuli uliokazwa, zisiwe na uvimbe wala joto. Kisha inama utazame ngozi ya kitovuni, ile inayofunika uume. Boran wengine ngozi hiyo imeshuka mno, na kwenye vichaka vyetu vya miiba inachanika, inaoza, na dume halipandi tena. Iwe juu. Mfungue mdomo: meno mawili mapana ya mbele ni mwenye miaka miwili na kitu, manne ni wa miaka mitatu hivi. Akishakuwa na manane na muuzaji anasema kijana, nenda zako. Mwisho mtembeze kwenye ardhi ngumu umwangalie kwato kwa nyuma, kwa sababu dume hupanda kwa miguu ya nyuma. Na kabla hujatoa hela, omba uonyeshwe mama yake. Anayefuga kwa mbegu atakupeleka kwa furaha. Mlanguzi ataanza kutafuta simu yake.

Je, ataishi? Hapa nikusimulie kilichonipata mwenyewe, ingawa hakinipi sifa. Nilinunua dume langu la kwanza la Boran nikiwa bado kazini, kutoka shamba moja la nyanda za juu. Alifika kwangu nje ya Tanga mjini kwenye fuso, magharibi imeshaingia. Mweupe, shingo ya kijivu, mpole kiasi kwamba watoto walimkuna nundu usiku uleule. Muuzaji aliniambia amechanjwa. Sikutazama sikio. Siku ya kumi na mbili hakutoka na wenzake, alibaki chini ya mwembe. Nikasema uchovu wa safari. Bwana mifugo mzima, nikasema uchovu wa safari! Siku tano nilimpa maji na chumvi. Nilipokuja kupeleka mkono chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku, kipimajoto kikasoma nyuzi 41. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Dawa yake ikiwahi inaponya. Ile yangu ilikuta mapafu yameshajaa maji. Siku ya kumi na tisa, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta amelala na povu jeupe puani. Sikioni kulikuwa na namba ya shamba tu.

Zebu wangu walikuwa pembeni wanacheua, masikio yamejaa kupe kama kunde. Wao walishaugua ndigana wakiwa ndama, waliokufa walikufa, waliobaki wakapata kinga. Yule dume alioshwa joshoni kila wiki tangu azaliwe, hajawahi kukutana na ugonjwa huo, halafu mimi nikamtupa katikati ya kupe wa pwani. Kosa halikuwa la mbegu. Kwa hiyo wewe taka dume aliyechanjwa ndigana kali, chanjo inayotolewa mara moja katika maisha yake, na atakuwa amevishwa hereni ya chanjo. Usichanganye na hereni ya kielektroniki ya serikali, ile ni ya utambuzi, haikingi kitu. Akiwa hajachanjwa, achanjwe hukohuko kwa muuzaji, ukae mwezi mmoja ndipo umsafirishe. Na ukisikia hajambo lakini hali chakula vizuri, peleka mkono chini ya sikio siku hiyohiyo.

Adui wa pili ni mbung'o. Ukitoka Pangani kwenda Saadani unapita Mkwaja. Pale palikuwa na ranchi kubwa ya Boran tangu miaka ya 1950 mpaka ilipofungwa mwaka 2000. Leo palipolishwa ng'ombe ni malisho ya wanyamapori kama kuro, ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbung'o wa Mkwaja walikuwa hawana mchezo. Lakini hesabu za ranchi ile zilichapishwa na watafiti mwaka 1985, na zilionyesha kwamba Boran anazaa na kukua katikati ya mbung'o mradi sindano ya kinga ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, isikatike. Mradi isikatike, mwanangu. Siku hela inapokosekana, yeye anatangulia na zebu wako anafuata baadaye. Kuna ukoo mmoja wa Boran, wa Waorma kule Mto Tana nchini Kenya, ambao wanauvumilia ugonjwa huo kuliko Boran wa ranchi, lakini si hao utakaowakuta sokoni.

Kwako Mkata hutahitaji sindano hizo zote kama eneo lenu halina mbung'o wengi. Muulize afisa mifugo wa kata amewahi kupima damu za ng'ombe wangapi na amekuta nini. Jambo moja tu la dukani ambalo watu wanapoteza hela: dawa za josho si sawa. Amitrazi inaua kupe vizuri, mbung'o haimdhuru. Ukitaka dawa moja ifanye kazi mbili, ulizia yenye deltamethrini, nyunyiza kwa kipimo cha lebo, na usisahau miguu na tumbo, maana mbung'o hupenda kutua chini.

Kuhusu pa kununua, huna haja ya kwenda mbali kama mimi. Ranchi ya Mzeri ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, iko Handeni hukohuko kwenu, na ya Ruvu iko upande wa Pwani. Dume aliyekulia kwenye joto la Handeni ana nafuu kuliko aliyeshuka kutoka kwenye ubaridi. Mbegu ya kuhimilisha kutoka kituo cha taifa cha Usa River ni nzuri na ni rahisi kuliko dume, lakini majike ya zebu yanapandwa na joto kwa saa chache, mara nyingi usiku, na hadi mhimilishaji afike na mtungi wake kutoka mjini, limeshapoa. Kwa majike 15, dume mmoja anatosha kabisa, hata 25 angewamudu akishakomaa. Mlete majani yakiwa mengi. Kiangazi mwekee pumba za mahindi na mashudu, chumvi isikauke, na kama unalima mihogo maganda yake yanafaa, ila yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Mabichi yana sumu. Mwaka wa tatu mbadilishane na mfugaji mwingine mwenye dume lake, kabla hajaanza kupanda mabinti zake mwenyewe.

Mwambie na shemeji, kwa upole, kwamba mnadani hakuna bei ya jina. Mchinjaji wa Tanga anamtazama ng'ombe mgongoni na kwenye kidari, anapiga hesabu ya supu na mishikaki kichwani, anakutajia bei. Baba yake alikuwa nani hataki kujua.

Swali: Jike letu chotara wa Boran amefiwa na ndama wiki iliyopita. Tangu siku hiyo akikamuliwa anasimama tu, hatoi hata kikombe. Jirani amesema nimtafutie sindano ya kushusha maziwa. – *Mama wa Kabuku*

Jibu: Pole, mama. Boran na ndama wake ni kitu kimoja, na damu hiyo iko hata kwa chotara. Asipomwona au kumnusa mtoto wake, anayafunga maziwa. Sindano zipo, lakini ukizizoesha utazinunua kila siku, na hazikurudishii ndama.

Mzee mmoja wa Kimaasai kule Kilindi alinionyesha wanavyofanya wao. Ngozi ya ndama aliyekufa hukaushwa kwa chumvi, ikajazwa majani makavu, ikawekwa mbele ya mama yake wakati wa kukamua. Mama hulamba, na maziwa yanashuka. Tahadhari kubwa: fanya hivyo pale tu unapojua ndama alikufa kwa nini. Akifa ghafla, tumbo limejaa haraka, damu nyeusi puani au nyuma, msimchune hata kidogo. Hicho kinaweza kuwa kimeta na kitawaua na nyie. Kwako wiki imeshapita na ngozi najua haipo, basi jaribu pumba zenye chumvi mbele yake, mkamuaji awe yuleyule na kanga ileile, na kanda kiwele kwa maji ya vuguvugu kama ndama anavyokigonga kwa kichwa. Asiposhusha kwa siku nne tano, mwache akauke, apandwe mapema.

Swali: Wachuuzi wanakuja huku wanakadiria ng'ombe kwa macho, na kila mara macho yao yanaona kilo chache. Sina mizani. Nifanyeje? – *Mfugaji wa Duga, Mkinga*

Jibu: Futi ileile ya fundi cherehani, au unganisha mbili. Ng'ombe asimame sawa, kichwa mbele, asubuhi kabla hajanywa maji. Zungusha futi nyuma ya miguu ya mbele, nyuma ya nundu, uikaze bila kumbana: huo ni mzunguko wa kifua. Kisha pima urefu, kutoka kwenye ncha ya bega hadi kwenye mfupa wa makalio kando ya mkia. Vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, jibu lizidishe kwa urefu, ugawe kwa 10,840.

Mfano: kifua 150, urefu 125. Mara 150 kwa 150 ni 22,500. Mara 125 ni 2,812,500. Gawa kwa 10,840 unapata kilo 259. Nyama na mifupa yake, ng'ombe akishachunwa na kutolewa matumbo, ni karibu nusu ya hizo, tuseme kilo 130. Ulizia bei ya kilo buchani Horohoro au Tanga, toa usafiri na faida ya mchuuzi, hapo unajua unapoanzia. Hesabu hii hukosea kilo kadhaa juu au chini, na jike mwenye mimba kubwa atakudanganya kabisa. Lakini mchuuzi akikuona unaandika namba kwenye daftari, bei ya kwanza anayotaja inapanda yenyewe.

*Barua ya msomaji wa Maramba kuhusu mbuzi wanaochechemea imefika. Nitaijibu toleo lijalo. Wakati huo watoe kwenye zizi lenye tope, na usiwakate kwato mpaka uniandikie kama midomo yao ina vidonda.*